Beji za wakusanyaji wa gemu: kipi kihesabiwe, na nani ashuhudie

Swali: Ninaishi Kirumba, Mwanza. Mimi na wenzangu tunaendesha jumuiya ya mtandaoni ya wakusanyaji wa gemu za zamani, yenye wanachama wapatao mia mbili kutoka Mwanza, Geita, Musoma na Bukoba. Mwaka jana tulianzisha beji tatu: Dagaa kwa mwenye gemu 20, Sato kwa mwenye gemu 100, na Sangara kwa mwenye gemu 300. Mwanzoni watu walifurahi. Sasa wapo wanaonunua diski za kunakili kwa mafungu ili watimize idadi, wapo waliotuma picha za makabati ya watu wengine, na wazee wetu wachache wenye kaseti adimu wamenyamaza kabisa. Je, tuzifute beji zote, au kuna namna ya kuzisanifu upya?

Jibu: Ndugu yangu wa Kirumba, nakushauri usizifute. Ugomvi unaoueleza haukuletwa na beji zenyewe, umeletwa na kile mlichokubaliana kukihesabu, na kosa la namna hiyo hurekebishika bila kuivunja jumuiya. Unaishi karibu na soko la samaki la Mwaloni, kwa hiyo unaelewa kwa nini dagaa huuzwa kwa debe na kwa gunia: dagaa mmoja ni sawa na mwenzake, na mnunuzi hana haja ya kujua habari za kila mmoja. Gemu hazifanani hivyo. Kaseti moja ambayo mtu ameitunza tangu utotoni, ikiwa na kasha lake na kijitabu chake cha maelekezo, haiwezi kuwekwa kwenye mizani ileile na diski ishirini zilizonunuliwa jana kwa jumla. Mlipoweka idadi kuwa kipimo pekee, mliwaambia wanachama kwamba mzigo ndio unaotazamwa, nao wakauleta mzigo.

Mimi huichukulia beji kuwa ni ushuhuda. Inasema kwamba mtu fulani alifanya jambo fulani, kwamba wapo walioliona, na kwamba jumuiya inalithamini. Beji isiyoweza kusema mambo hayo matatu ni picha tu iliyobandikwa kando ya jina. Sangara yenu inasema jambo moja, kwamba mtu huyu amenunua au amedai kununua vitu 300. Haisemi kama anavijua, kama anavitunza, wala kama kuna aliyeviona.

Historia ya nishani za gemu inaonyesha jambo hili vizuri. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, kampuni ya Activision ya Marekani, iliyotengeneza gemu za mashine ya Atari 2600, ilikuwa na utaratibu wa kumtumia mchezaji kiraka cha kitambaa kilichotariziwa iwapo angefikisha alama zilizotajwa katika kijitabu cha gemu. Katika Pitfall! ya mwaka 1982 alama hizo zilikuwa 20,000, na katika Kaboom! zilikuwa 3,000. Mchezaji alitakiwa kuipiga picha skrini ya televisheni yake, kuisafisha filamu, kisha kuituma picha kwa posta. Upande wa pili palikuwa na mtu aliyefungua bahasha na kuitazama. Masharti yalikuwa mepesi kueleweka, ustadi ulihitajika, ushahidi ulionekana kwa macho, na mwishoni mtoto alipata kitu cha kushona kwenye koti lake. Kwa maoni yangu, mpango ule wa bahasha na stempu ulikuwa bora kuliko mipango mingi ya leo.

Baadaye mashine yenyewe ikawa shahidi. Xbox 360 ilitoka mwaka 2005 ikiwa na pointi za mafanikio, yaani za malengo ambayo mchezaji ameyatimiza ndani ya gemu, zinazojumlishwa katika akaunti yake moja, na PlayStation 3 ikafuata mwaka 2008 na vikombe vya shaba, fedha, dhahabu na platinamu, hiki cha mwisho kikitolewa kwa aliyekwisha kuvipata vingine vyote vya gemu hiyo. Udanganyifu wa picha ulipungua, lakini ukaja udhaifu mwingine. Kila gemu kamili ya Xbox 360 iliyouzwa kwa diski ilibeba pointi 1,000, iwe ngumu au nyepesi, na wachezaji hawakuchelewa kuzigundua zile nyepesi. Iliyosifika kuliko zote ni Avatar: The Last Airbender – The Burning Earth, ambayo mafanikio yake yote matano yalitegemea kuunganisha mapigo mfululizo hadi kufikia 50, hivyo kwamba mtu aliweza kukusanya pointi zote 1,000 kwa dakika chache za kubonyeza kitufe kimoja. Wengi waliitafuta gemu hiyo bila kuwa na hamu yoyote ya kuicheza. Vijana wenu wanaonunua diski kwa mafungu wanafanya jambo hilohilo, na si haki kuwaita wabaya, kwa kuwa wametii kanuni kama ilivyoandikwa.

Sisi wa Kanda ya Ziwa tuna mfano wa karibu zaidi. Katika ngoma za Wasukuma, ambazo hadi leo huchezwa Bujora pale Kisesa wakati wa sikukuu ya Bulabo, vyama viwili vya ngoma vinavyoshindana, Bagika na Bagalu, hucheza kwa wakati mmoja katika uwanja mmoja, na mshindi ni yule aliyevuta watazamaji wengi zaidi. Hakuna cheti kinachoipita heshima hiyo, kwa sababu walioitoa walikuwapo na waliona kwa macho yao. Hata hivyo, kwa kuwa kinachohesabiwa ni wingi wa watu, kila upande ulibuni vivutio vya kuuhamisha umati, kuanzia mavazi ya kushangaza hadi nyoka wa kweli. Kwenye ngoma hilo ni jema, maana kivutio ni sehemu ya sanaa yenyewe. Kwenye mkusanyiko wa gemu kivutio cha wingi hakiongezi chochote katika ufundi wa kukusanya. Kwa hiyo, kabla ya kuchora beji yoyote, kaeni mjiulize ni tendo gani mngependa kuliona likirudiwa mara mia katika jumuiya yenu.

Nikitazama kazi ya mkusanyaji mzuri, naona kwamba kununua ni sehemu yake ndogo. Anatafuta, anatambua, anasafisha, anatengeneza, anaandika kumbukumbu, anakopesha, anafundisha. Kila moja ya kazi hizo inaweza kuzaa beji. Chukua kutengeneza. Kaseti nyingi zenye uwezo wa kuhifadhi mchezo zina betri ndogo ya duara ya volti 3 iliyounganishwa kwa lehemu kwenye ubao wake, na betri hizo huisha. Nyingi kati ya zile za miaka ya 1980 na 1990 ama zimekwisha kufa ama zimo njiani. Mwanachama anayeifungua kaseti, akaibadilisha betri bila kuunguza ubao, kisha akaonyesha kwamba gemu inahifadhi tena, amefanya jambo linalostahili kuonekana. Beji yake ningeiita Mfufuaji, na katika masharti yake ningeandika wazi kwamba amwonye mwenye kaseti kuwa mchezo uliohifadhiwa utafutika betri itakapotolewa, kwa sababu fundi asiyetoa onyo hilo anaweza kumpotezea mtu kumbukumbu ya utotoni.

Utunzaji nao una nafasi yake, hasa katika mji wetu ambao vumbi la kiangazi na unyevu wa ziwa hupokezana. Sote tulizoea kupuliza kaseti kwa mdomo pale gemu ilipokataa kuwaka, na sote tulikosea, maana unyevu wa pumzi huchangia kutu kwenye meno ya shaba. Beji ya Mtunzaji inaweza kumtaka mwanachama aonyeshe picha za kaseti moja kabla na baada ya kusafishwa kwa pamba na alkoholi ya isopropili yenye nguvu ya asilimia 90 au zaidi, pamoja na maelezo ya mahali anapozihifadhi mbali na jua la dirishani. Angalia kwamba sharti ni kaseti moja, hivyo kijana wa Igoma mwenye kaseti moja tu anaweza kuipata sawasawa na mwenye kabati tatu.

Beji ambayo binafsi ningeipa hadhi ya juu kuliko zote ni ya kumbukumbu. Wengi wetu hatukuzifahamu gemu kwa kuwa na mashine nyumbani; tulizifahamu katika vibanda, tukilipia kwa muda au kwa mechi, na aliyefungwa akimwachia mwenzake padi. Vibanda vingi vya wakati ule vimefungwa, na wenye navyo wanazeeka. Mwanachama anayekwenda kumsikiliza mwenye kibanda cha zamani, kwa ridhaa yake, akaandika kurasa mbili kuhusu mashine zilizokuwapo, bei iliyotozwa, gemu zilizopendwa na namna mafundi walivyozitengeneza padi zilizovunjika, ameiongezea jumuiya kitu ambacho hakiuzwi dukani. Iiteni Kumbukumbu ya Kibanda. Ikipata wenyewe wanne kwa mwaka, mtakuwa mmepiga hatua kubwa.

Hapo tunaingia kwenye suala la nakala, ambalo najua litawagawa. Wapo watakaokushauri mzikubali gemu halisi pekee, kama wafanyavyo wakusanyaji wengi wa Japani, Ulaya na Marekani. Mimi sikubaliani nao moja kwa moja. Nintendo ilitoa Famicom nchini Japani mwaka 1983, lakini mashine ambayo watoto wengi wa Afrika Mashariki waliishika ni ile ya kuiga iliyotengenezwa Asia, yenye kaseti za meno 60 zenye lebo iliyodai kuwa na gemu 9,999,999 ndani yake, ilhali zilikuwa chache zilizorudiwarudiwa kwa majina tofauti. Kaseti hizo ni historia yetu halisi. Kuzitupa nje ni sawa na kusema kwamba utoto wetu haukutokea. Ninachopendekeza ni kutenganisha milango: kuwe na beji inayohusu matoleo halisi, na iwepo nyingine, isiyo ndogo kuliko hiyo, inayohusu mashine na kaseti za kuiga zilizotumika hapa, ambayo sharti lake ni kuorodhesha gemu zilizomo kweli na kueleza kaseti ilipatikana wapi na lini. Diski iliyonakiliwa juzi kwa kompyuta haiingii katika mlango wowote kati ya hiyo miwili, na mwenye nayo hana sababu ya kuificha.

Kutofautisha kwenyewe ni elimu, na elimu hiyo inastahili beji yake. Diski halisi za PlayStation ya kwanza zina upande wa chini mweusi. Zile gemu za PlayStation 2 zilizotolewa kwa CD zina upande wa chini wa buluu, na zilizotolewa kwa DVD zina rangi ya fedha, lakini diski iliyochomwa nyumbani mara nyingi huonyesha wekundu wa zambarau au ukijani inapoelekezwa kwenye mwanga. Kwa upande wa kaseti, lebo hughushiwa kirahisi kuliko ubao wa ndani, kwa hiyo anayetaka kuthibitisha hufungua na kuonyesha ubao. Mpeni beji ya Jicho la Fundi mwanachama anayewasaidia wengine watano kutambua walichonacho kwa hoja zilizoandikwa, hata kama yeye mwenyewe hana kitu kabatini.

Sasa kuhusu ushahidi. Picha peke yake haitoshi, na mmekwisha kuliona hilo. Weka neno la wiki, ambalo msimamizi hulitangaza kila Jumatatu, na umtake mwombaji aandike neno hilo na jina lake la jumuiya kwa mkono kwenye karatasi inayoonekana ndani ya picha pamoja na kitu husika. Kisha wanachama wawili wasiokuwa marafiki zake wa karibu watazame na kuandika majina yao kama mashahidi. Katika daftari la beji, ambalo linaweza kuwa jedwali la kawaida la kompyuta, andika jina la beji, mpokeaji, tarehe, mashahidi na sentensi moja ya alichokifanya. Sentensi hiyo ndiyo ionekane mtu anapoigusa beji. Beji inayosema kwamba mtu huyu aliifufua kaseti ya jirani yake mwezi wa Machi, mbele ya mashahidi wawili, ina uzito ambao neno Sangara haliwezi kuwa nao. Pia wafundisheni wanachama kuzima taarifa za mahali kwenye kamera za simu zao, maana picha ya mali ya thamani inayobeba ramani ya nyumba ni mwaliko kwa mwizi.

Masharti yenyewe yaandikwe kwa namna ambayo watu wawili waliogombana wangeyasoma na kupata jibu moja. Sheria ya uvuvi inapokataza sangara walio chini ya sentimita 50, mvuvi na afisa wanaweza kubishana juu ya mengine yote, lakini rula iko pale. Kwa mfano, sharti la kuwa na mkusanyiko mzuri halina rula, ilhali sharti la gemu tano zenye kasha, kijitabu na diski au kaseti yake halisi lina rula, na beji ya Kasha Kamili inaweza kujengwa juu yake.

Kuna hatari nyingine ambayo huonekana kwa kuchelewa. Mwaka 2013 ulichapishwa utafiti kuhusu Stack Overflow, tovuti ya maswali na majibu ya waandishi wa programu, ulioonyesha kwamba watu huongeza bidii katika tendo linalohesabiwa kadiri wanavyoikaribia beji, na wakishaipata bidii hiyo hushuka. Maana yake ni kwamba beji inaweza kumsukuma mtu kujaribu jambo jipya, lakini haitoshi kumfanya aendelee nalo kwa miaka. Jaribio la zamani zaidi, lililochapishwa na wanasaikolojia wa Marekani mwaka 1973, lilihusu watoto wadogo waliopenda kuchora. Walioahidiwa cheti cha kuchora walirudi kwenye kalamu baadaye kwa karibu nusu tu ya muda wa wenzao, ilhali waliopewa cheti kilekile bila kuahidiwa hawakupoteza hamu. Nimeyatafakari matokeo hayo mara nyingi katika kazi yangu ya kusanifu, na yamenifanya nipendekeze kila mara kwamba sehemu ya beji, labda theluthi moja, isitangazwe. Mtu afanye wema wake, kisha jumuiya imshtukize.

Jumla yake isizidi kumi na mbili kwa mwaka wa kwanza, na moja angalau ipatikane ndani ya wiki ya kwanza kwa kuitambulisha gemu moja na kusimulia ilivyomfikia mwenye nayo.

Kwenye uchoraji sitakaa sana, kwa sababu jumuiya nyingi hukimbilia hapo kabla ya wakati. Chora kwa ukubwa wa pikseli 512 kwa 512, kisha ipunguze hadi 32 na uitazame kwenye simu ya bei nafuu ukiwa nje juani. Kisichoonekana hapo kiondoe. Umbo liwe moja lililo wazi, na aina za beji zitofautiane kwa umbo la fremu, si kwa rangi pekee, maana wapo watu, hasa wanaume, wasiotofautisha vizuri nyekundu na kijani. Usitumie wahusika wa gemu zenyewe, kwa kuwa picha zao zina wenyewe kisheria. Tuna mawe ya Bismarck, tuna mtumbwi wenye tanga, tuna padi ya zamani yenye waya uliofungwa kwa gundi ya karatasi, na michoro hiyo itawaambia watu wa Bukoba na Musoma kwamba beji hizi zimezaliwa ziwani.

Majina ya samaki, hata hivyo, naomba myaache. Nimeelewa nia yenu, na yana ladha ya nyumbani, lakini hakuna mtu mzima anayependa kuandikwa dagaa kando ya jina lake, na ngazi inayoishia kwa sangara inaishia kwa samaki anayejulikana kwa kuwala furu wa ziwa hili hadi wengi wao kutoweka. Majina ya matendo yanafaa zaidi kuliko majina ya ukubwa.

Kwa wale waliokwisha kupata beji za zamani, msizinyang'anye. Zifungeni tu, ziandikwe mwaka zilipotolewa, zikae kwenye majina yao kama kumbukumbu, na pasitolewe nyingine. Aliyetuma picha ya kabati la mtu mwingine azungumzwe naye faraghani na apewe nafasi ya kuirudisha mwenyewe. Kisha, kabla hamjatangaza mpango mpya, mchukue simu mwapigie wale wazee walionyamaza, mmoja mmoja, mkiwaamkia ipasavyo na bila kuwaahidi beji yoyote. Waombeni wawe mashahidi wa kwanza wa Jicho la Fundi na wa Kasha Kamili, na muwaulize kama wangekubali kijana mmoja aende kuzipiga picha kaseti zao na kuandika habari zake. Atakayekubali, mwandikieni sentensi yake katika daftari siku hiyohiyo.